Chumvi ya Ndachi

Nyemo Sudayi alirudi Mlangwa wiki ya pili ya mavuno ya Agosti, akiwa na begi moja la mgongoni na mamlaka ya kukifungia kijiji kizima riziki.

Hakuja kwa nia hiyo. Alikuja kurudia kazi aliyoifanya miaka sita nyuma: kupima maisha yote ya chupa moja ya mvinyo, tangu kipandikizi cha mzabibu kinapochomekwa ardhini mpaka chupa tupu inapotupwa jalalani. Sheria ilitaka kila bidhaa ipimwe upya kila mwaka wa sita, na zamu ya Mlangwa ilikuwa imefika. Wenzake wa ofisini Dodoma walimuuliza kama si vizuri kazi hiyo apewe mgeni, maana Mlangwa ndiko alikolelewa na mama yake mdogo baada ya mama yake mzazi kufariki. Aliwajibu kwamba Mizani haina mjomba.

Getini kwa kiwanda cha ushirika alikuta lori limesimama, na mbele ya lori mtu mzima mwenye kofia ya pama akilibembeleza. Lori halikuwa na dereva. Lilikuwa limefunga mlango wake wa nyuma, na kreti za yule mtu zilikuwa chini, kwenye vumbi.

"Ishirini na moja tu," alisema yule mtu. "Ziweke hata nyuma kabisa."

"Muhuri mwekundu," lilijibu lori, kwa sauti ya upole kama ya karani wa benki. "Siruhusiwi kupakia."

"Basi nipakie mimi, nizishike mapajani."

Lori liliwasha injini. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Naftali Chidawali, alitoka ofisini akamshika yule mtu bega na kumwongoza kivulini. Alipomwona Nyemo, uso ulifunguka.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Karibu nyumbani. Usimjali huyu, ni wa kijiji cha pili. Walizidisha dawa ya shaba kwenye mizabibu, udongo ukachoka. Walipata mwekundu mwezi wa tano. Sasa anazunguka kwenye malori ya watu."

"Na wenzake?"

"Wenzake wameondoka," alisema Mzee Chidawali. "Njoo, chai ipo."

Mizani ilikuwa mashine, ingawa hakuna aliyewahi kuiona ikiwa mahali pamoja. Ilihesabu kwa kutumia punje, vipimio vidogo kama mtama vilivyochanganywa kwenye udongo, kwenye mabomba, kwenye matairi ya malori na hata kwenye kioo kilichoyeyushwa tanuruni. Punje zilisema shamba limekunywa maji kiasi gani, trekta limetoa moshi gani, chupa imechomwa kwa moto wa aina gani. Kutokana na hayo Mizani ilitoa muhuri: kijani, njano au mwekundu. Mlangwa walikuwa na kijani. Chupa zao zilikuwa nyepesi, zilirudishwa, zikaoshwa, zikajazwa tena, na kwa kuwa chupa ndiyo hubeba karibu nusu ya madhara ya mvinyo, hapo tu walikuwa wamewashinda wengi.

Jambo moja Mizani haikuruhusiwa kuliamua, nalo ni mpaka. Kila hesabu lazima iishie mahali. Unahesabu maji ya shambani, sawa. Je, unahesabu sabuni anayofulia mvunaji? Unahesabu punda aliyembeba mjukuu wa mchoma kioo? Sheria ilisema mpaka huo utachorwa na binadamu na kutiwa saini na binadamu, ili siku ukikosewa awepo wa kuulizwa. Kazi ya Nyemo ilikuwa hiyo. Alichora mstari, na ndani ya mstari punje zilimwagwa. Nje ya mstari Mizani ilikuwa kipofu.

*

Mchana alikwenda kula kwa mama yake mdogo, Foibe, ambaye nyumba yake iliangalia safu kumi na nne za mizabibu. Foibe alikuwa na miaka sitini na mitatu na bado alivuna mwenyewe, mkasi mkononi, kiuno kimefungwa kanga. Watoto wake wawili walikuwa wamerudi kutoka mjini kwa ajili ya shamba lile. Ukutani alikuwa ametundika chupa ya kwanza iliyopata muhuri wa kijani, na chini yake picha ya Nyemo akiwa amevaa joho la kuhitimu.

"Mbukwenyi!" Foibe alimlaki kwa Kigogo, akamkumbatia akiwa na juisi ya zabibu mpaka kwenye viwiko. "Umekonda. Hiyo mashine inakulisha kweli?"

Walikula ugali wa uwele na mlenda. Nyemo alitazama mezani kama mtu aliyepungukiwa na kitu.

"Mama, na maziwa ya mgando? Huwa hukosi."

"Siku hizi hayaji."

"Kwa nini?"

"Wale wanawake wa Ndachi hawaleti tena." Foibe alisogeza bakuli. "Kula, mlenda unapoa."

Nyemo aliacha kutafuna. Ndachi lilikuwa bonde nyuma ya kilima, kame, la miiba na magadi. Utotoni mwake wafugaji walipita huko na kuondoka. Kwenye ramani aliyoitumia miaka sita iliyopita palikuwa pameandikwa: hapana makazi.

"Ndachi kuna watu?"

"Walikuwa wakipita tu. Mto wao wa juu ulipokauka, wakakaa." Foibe alisema haya akiangalia mlangoni. "Muda sasa."

"Tangu lini?"

"Nyemo."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu kabla hujaja kupima," alisema Foibe. "Ile ramani yenu ilipigwa wakati wametoka na ng'ombe, kabla hawajajenga. Sisi tulijua. Mwenyekiti alijua. Ulikuwa kijana, umekuja na vyombo vyako, umefurahi. Nani angekuambia?"

Nyemo alinawa mikono. Maji ya Mlangwa yalikuwa matamu, na utamu wake ulikuwa na historia. Kisima cha kijiji kilitoa maji ya chumvi. Mtambo mkubwa nyuma ya kiwanda uliyachuja. Kwa kila lita iliyokwenda kwenye mzabibu, karibu lita nyingine ilitoka nyuma ikiwa nzito kwa chumvi, ikapita kwenye bomba jeusi, ikavuka kilima. Ikamwagwa Ndachi. Miaka sita iliyopita yeye Nyemo alichora mpaka kwenye uzio wa mtambo. Yale yaliyotoka nje ya uzio aliyapa jina linalokubalika kwenye kanuni, *taka tulivu*, yaani taka isiyomgusa mtu. Thamani yake kwenye hesabu ilikuwa sifuri.

*

Alikwenda Ndachi asubuhi iliyofuata, kwa miguu, bila kumuaga mwenyekiti. Upande wa pili wa kilima aliona kwanza weupe. Alidhani ni mwanga wa jua juu ya mchanga, mpaka alipoukanyaga ukavunjika kama ganda la yai. Bomba lilitema kwa mapigo, kama mtu anayekohoa. Chini yake miti ya mikwata ilikuwa imesimama mikavu, magome yakiwa na ukoga wa chumvi hadi usawa wa goti.

Makazi yalikuwa zaidi kidogo, nyumba za tembe zipatazo thelathini. Mwanamke mrefu mwenye shanga za bluu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo lililochimbwa katika mchanga wa mto mkavu, akiteka maji kwa kibuyu kidogo, akisubiri yajikusanye, akiteka tena.

"Shikamoo, mama. Naitwa Nyemo. Natoka Mlangwa."

"Marahaba. Mimi Lea Masinga." Hakuacha kuteka. "Wa Mlangwa hawaji huku. Umepotea?"

"Sikupotea. Mimi ndiye niliyepima mvinyo wao."

Lea alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha alijaza kibuyu na kumpa. Nyemo alikunywa, kwa kuwa kukataa kungekuwa matusi. Yalikuwa na ladha ya chozi, na nyuma ya chumvi uchungu uliobaki kooni.

"Hayo ndiyo mazuri," alisema Lea. "Shimo la juu hata mbuzi hanusi. Tulikuwa na ng'ombe tisini. Wapo kumi na mmoja, na hao hawana maziwa. Mke wa mwanangu amebeba mimba tatu. Miguu inavimba, kichwa kinamuuma, macho yanaingia giza, halafu mtoto anatoka mfu. Nesi wa zahanati alituambia ni chumvi kwenye damu, tutumie maji mengine. Nikamuuliza, yapi?"

"Mlikwenda kulalamika?"

"Nilikwenda mwenyewe, mpaka Dodoma. Nikaonyeshwa kioo cha kompyuta. Kijana akabonyeza, akasema, 'Mama, hapo unaposema unaishi, hakuna mtu.' Nikamwambia, mimi je? Akabonyeza tena. Akasema samahani."

Nyemo alifungua begi. Alitoa mfuko wa punje na kuanza kuzimwaga kando ya shimo, kwenye weupe, mbele ya milango ya tembe. Alikwenda haraka, baadhi zikadondoka kwenye viatu vyake. Lea alimfuata nyuma akiuliza ni mbegu gani hizo, na zinaota nini.

"Zinaona," alisema Nyemo.

"Zingepandwa mapema," alisema Lea.

*

Alipofika kiwandani, kioo cha ofisi kilikuwa kimeshajaa. Mizani ilikuwa inapokea sauti za punje za Ndachi na kuziweka pembeni, kwenye orodha ya vitu visivyo na mahali. Nyemo aliketi. Mzee Chidawali aliingia, akaona, akafunga mlango.

"Mizani," alisema Nyemo, "sogeza mpaka ufike Ndachi. Nionyeshe, usihifadhi."

Rangi ya chupa kwenye kioo iligeuka. Haikupita hata kwenye njano. Alijaribu kila alichokijua. Alipunguza uzito wa chupa, akaweka nguvu ya jua tanuruni, akafuta safari za mbali. Nyekundu ilibaki.

"Kwa mpaka huu mpya," ilisema Mizani, "nitauliza kuhusu mpaka wa zamani. Aliyeuchora ni wewe. Ukithibitisha kwamba mpaka ule ulikosewa, leseni yako inasimama, na tathmini zako nyingine arobaini zinafunguliwa upya. Unathibitisha?"

"Subiri," alisema Nyemo.

Mzee Chidawali alivuta kiti, akakaa karibu naye kabisa, kama baba anayetaka kuzungumza na binti kuhusu posa.

"Mwanangu, mimi si mtu mbaya."

"Najua, Mwenyekiti."

"Nilijua kuna watu. Nililala nalo, likanizoea. Sasa nisikilize, maana nimelifikiria kuliko wewe. Ukitia saini nyekundu, malori hayapakii. Tusipouza, umeme wa mtambo unakatwa. Mtambo ukizimwa, mizabibu inakufa, sawa, hiyo ni dhambi yetu. Lakini Ndachi wanapata nini? Chumvi imeshaingia ardhini. Wataalamu wanasema miaka arobaini. Watakunywa nini hiyo miaka arobaini? Mtambo pekee wa maji matamu kati ya hapa na mjini ni huu."

Nyemo aliitazama chupa nyekundu kwenye kioo.

"Uache mpaka pale ulipokuwa," aliendelea mzee. "Nakuapia mbele ya Mungu, mwezi mmoja, nalaza bomba la maji matamu mpaka mlangoni kwa huyo mama. Kimya kimya. Watakunywa wao na mifugo yao. Yule binti atazaa. Wewe unabaki na kazi, mama yako mdogo anabaki na shamba. Niambie nani anaumia."

Hilo ndilo lililomtesa Nyemo: hakuweza kumtaja anayeumia. Uongo ungeleta maji. Ukweli ungeleta rangi nyekundu na shimo lile lile la mchanga. Aliyapima maneno ya mzee kila upande, kama alivyofundishwa kupima kila kitu, na kila mara yalisimama.

"Nipe siku mbili," alisema.

Hakuzitumia kufikiri. Alirudi Ndachi, akamweleza Lea Masinga kila kitu, pamoja na ahadi ya bomba, na akamwomba aje kuisikia mwenyewe.

*

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa mapipa, mahali penye baridi na harufu ya chachu. Wanaushirika walifika karibu mia nne, wengine wakasimama. Foibe alikaa mstari wa mbele. Lea alipoingia, watu walimpisha njia, na ukimya uliompisha ulikuwa wa watu wanaomfahamu. Wanawake kadhaa walikuwa wamenunua maziwa yake kwa miaka.

Mzee Chidawali alirudia ahadi yake hadharani, bila kupunguza. Maji matamu, bomba, mwezi mmoja. Alikuwa mkweli, kila mtu aliona. Kisha akamgeukia Lea.

"Mama, wewe unasemaje? Si maji ndiyo mnayotaka?"

"Ndiyo, ni maji," alisema Lea. "Tena leo, si mwezi ujao."

Mnong'ono wa ahueni ulipita ukumbini. Lea aliusubiri uishe.

"Lakini Mwenyekiti, wewe una umri gani?"

"Sabini na moja."

"Mungu akuzidishie. Siku ukilala, huyo atakayekaa kiti chako akifunga koki, mimi nitakwenda kumwambia nani? Nitarudi Dodoma, kijana atabonyeza, ataniambia hapo hakuna mtu. Maji ya siri ni maji ya kuomba. Nimeomba mvua, nimeomba Mungu, nimechoka kuomba jirani kitu alichonimwagia yeye." Alimgeukia Nyemo. "Binti, mimi mashine yako siijui. Nataka iseme tupo. Hata ikisema vibaya."

"Na sisi tufe?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Ili wewe uandikwe?"

"Sijasema mfe," alijibu Lea. "Mimi sijafa."

Vurugu ziliinuka. Foibe ndiye aliyesimama, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kusema mkutanoni, wakanyamaza.

"Nyemo," alisema, "nilikulea kwa zabibu hizi. Ada yako ilitoka hapa, na viatu, na joho lile. Usiniangalie kama mkaguzi. Unataka kufanya nini?"

"Nataka kusaini kilicho kweli, mama. Halafu tukae, sote, tutafute jinsi ya kuishi nacho."

"Na tusipopata?"

"Sijui."

Foibe alichukua mkoba wake, akatoka. Nyemo alisikia mlango wa bati ukijibamiza. Alitoa kioo chake, na mbele ya watu mia nne akasogeza mpaka, ukavuka uzio, ukapanda kilima, ukashuka. Mizani iliuliza swali lake. Nyemo alisema, "Nathibitisha. Ulikosewa. Niliuchora mimi."

Nje, kwenye uwanja, lori lililokuwa likipakia lilifunga mlango.

*

Zabibu zilioza kwa siku kumi na mbili. Nyuki walikuja, kisha nzi, kisha harufu iliyokaa kwenye nguo hata zikifuliwa. Familia sita zilihama. Nyemo alipokonywa leseni kwa barua yenye mistari mitatu, akahamia kwenye chumba nyuma ya zahanati, kwa kuwa Foibe hakumfungulia mlango.

Siku ya kumi na tatu Mzee Chidawali alimfuata huko, amekonda, ana karatasi mkononi. Aliuliza jambo moja tu: mashine ile, ukiiuliza kinyumenyume, yaani kipi kiondoke ili njano ipatikane, inajibu? Nyemo alimwambia inamjibu mtu yeyote, hata asiye na leseni. Walikaa nayo wiki nzima, na Lea akija kila siku kukalia kiti cha tatu na kuuliza maana ya kila tarakimu. Jibu lilikuwa gumu. Nusu ya mizabibu ing'olewe. Maji ya nusu hiyo yapelekwe Ndachi, yaandikwe kuwa sehemu ya maisha ya mvinyo kama vile kizibo na chupa, ili siku yakikatwa muhuri ugeuke wenyewe. Chumvi isimwagwe tena, ikaushwe kwenye mabwawa yenye sakafu. Wakifanya yote, njano ingekuja mwakani, na nishati ya mtambo ingerudishwa mara tu kazi ikianza.

Walipiga kura. Ilipita kwa kura tisa. Mashamba ya kung'olewa yalichaguliwa kwa kuchomoa vijiti, na Foibe alichomoa kifupi.

Bomba lilifika Ndachi mwishoni mwa Oktoba. Mke wa mwana wa Lea alikuwa na mimba ya nne. Hakuna aliyethubutu kuizungumzia.

Asubuhi ya kung'oa, Nyemo alikwenda kwa mama yake mdogo na jembe begani, bila kuitwa. Foibe alikuwa ameshamaliza safu mbili. Hakusalimia. Alionyesha kwa kidevu safu ya tatu, na Nyemo akaanza. Mizizi ya mzabibu wa miaka thelathini haitoki kwa hasira. Inabidi uizunguke, uifukue, uikate mmoja mmoja. Walifanya kazi hadi jua likawa kichwani, wakipokezana shoka bila neno.

Walipofika safu ya mwisho, siku kadhaa baadaye, Foibe aliweka mkono juu ya shina moja nene, lililopinda kuelekea nyumba.

"Huu aliupanda mama yako," alisema. "Wewe ulikuwa mgongoni kwake. Ulilia mpaka akamaliza."

"Sikujua."

"Sikukuambia. Nilitaka ubaki wangu peke yangu."

Nyemo alishusha jembe. Alitaka kusema wauache, mmoja tu, nani atajua? Maneno yalifika mdomoni kabisa. Foibe alimwona, akasubiri ayaseme, na alipoona hayatoki, alitema mate kwenye viganja, akashika shoka.

"Shika shina," alisema. "Usiliachie likaanguka."

Nyemo alipiga magoti, akalikumbatia kwa mikono miwili, na mama yake mdogo akaanza kukata.